Mawe ya Ziwa Nyasa Hulindwa Milimani

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na watumishi wa umma katika kata ya Ruanda, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma.



Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya samaki, nilijiuliza kama waandaaji hawakukosea mahali. Ruanda hii yetu haina ufuko. Mtoto wa hapa anaweza kumaliza darasa la saba bila kuliona Ziwa Nyasa hata siku moja, na samaki anayemfahamu ni yule aliyekwisha kaukia katika tenga. Hapa watu ni wakulima, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa jina la kata hii limesikika nchini kwa sababu ya makaa ya mawe ya Ngaka, si kwa sababu ya nyavu. Lakini baada ya kufikiri niliona kwamba waandaaji hawakukosea hata kidogo. Habari ninayoileta ilipaswa kuletwa hapa kwanza, na Mbamba Bay baadaye.

Niruhusuni nianzie mbali, katika Bahari ya Hindi. Wengi wetu tumesikia habari za matumbawe. Hayo ni makazi ya samaki yaliyojengwa na viumbe wadogo sana kwa muda wa karne nyingi, na taifa letu limeyatungia sheria: Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini. Mwaka 1998 joto la bahari lilizidi kiasi, matumbawe mengi ya mwambao wetu yakapauka na kufa. Hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata baadhi ya miamba ile ilianza kupata uhai tena. Sababu yake inafaa kukumbukwa, kwani hoja yangu yote inaitegemea. Matumbawe na samaki wengi wa baharini huachia mayai au vichanga vyao vielee majini. Mkondo huvichukua na kuvipeleka mbali, na mwamba uliokufa huweza kupokea wakazi wapya kutoka mwamba ulio hai. Bahari ina njia yake ya kupeleka mbegu.

Sasa tuje kwetu. Pwani ya Ruvuma ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupita Lundu, Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, ina sehemu za mchanga na sehemu za mawe makubwa yanayoshuka majini. Wajerumani waliiita bandari ya Liuli Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lililowakumbusha sanamu ya Misri. Walilitazama jiwe lile kwa juu tu. Laiti wangalizamisha vichwa vyao majini wangaliona jambo la ajabu zaidi. Katika mawe hayo wanaishi samaki wadogo wanaoitwa mbuna, wa jamii moja na perege, wengine wa buluu, wengine wa manjano, wengine wenye milia myeusi. Wanazuoni wanakadiria kwamba Ziwa Nyasa lina aina za samaki wa jamii hiyo zipatazo 800 hadi 1,000, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili.

Huyu mbuna haachii mayai yake yaelee. Jike huyatia kinywani na kuyatunza humo kwa muda wa majuma matatu hivi, bila kula chakula cha maana, mpaka watoto wawe wamekwisha umbika. Kisha huwatema palepale, kwenye mawe yaleyale alikozaliwa yeye. Mbuna wengi hawathubutu kuvuka mchanga, kwa kuwa mchangani hakuna pa kujificha wala cha kula. Ghuba yenye mchanga wa kilometa chache kwao ni kama jangwa. Ndiyo maana aina nyingine zinaishi katika kisiwa kimoja tu au kipande kimoja cha pwani. Mawe hayo yakiharibika, hakuna mkondo utakaoleta mbegu kutoka kwingine, maana huko kwingine hazipo.

Utafiti wa miaka ya karibuni umetuongezea mambo mawili. La kwanza ni umri. Mwaka 2005 wataalamu walichimba chini ya sakafu ya ziwa na kutoa nguzo ndefu za tope la kale, na kwa kulisoma tope hilo walitambua kwamba, zaidi ya miaka 70,000 iliyopita, ukame mkali ulilishusha ziwa kwa zaidi ya mita 500. Mawe tunayoyaona leo chini ya maji pale Liuli yalikuwa nchi kavu, mbali na ufuko. Kwa hiyo mbuna wa mawe hayo walifika baada ya maji kurudi. La pili ni undugu wao. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilitangaza matokeo ya kusoma vinasaba vya aina zaidi ya 70 za samaki wa ziwa hili. Walikuta kwamba aina moja na nyingine hutofautiana, kwa wastani, katika sehemu 1 hadi 2.5 tu kwa kila sehemu 1,000. Mimi na wewe, ndugu mwalimu, tunatofautiana karibu sehemu 1 katika kila 1,000. Maana yake ni kwamba mamia ya aina hizi yako karibu sana kwa damu. Kinachowatenga aghalabu ni mahali, chakula, na macho ya jike anayechagua dume kwa rangi yake.

Hapo kwenye macho ndipo penye hatari. Tunao ushahidi wa humu humu nchini. Katika Ziwa Victoria, kwenye visiwa vya mawe karibu na Mwanza, Ole Seehausen na wenzake wawili walichunguza furu, ambao ni ndugu wa mbuna, na mwaka 1997 wakaeleza waliyoyaona. Mahali penye maji safi, aina za furu zilikuwa nyingi na rangi zao ziling'aa. Mahali ambapo maji yamekuwa machafu, rangi zilififia na aina zikapungua. Walipowaweka samaki katika mwanga unaoficha rangi, majike walishindwa kumtambua dume wa aina yao. Aina mbili zilizotengana kwa maelfu ya miaka huweza hivyo kuchanganyika na kuwa moja, na hakuna samaki hata mmoja aliyevuliwa wala kuonekana akielea amekufa. Hasara ya namna hiyo haionekani katika taarifa yoyote ya mwezi.

Katika Ziwa Tanganyika nako, Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba sehemu za pwani ya kaskazini zilizopokea udongo mwingi kutoka milima iliyofyekwa zilikuwa na aina chache za samaki na za viumbe wadogo wa majini kuliko sehemu zilizosalimika. Udongo hufunika utando wa mwani juu ya mawe, na utando huo ndio shamba la samaki hawa. Huziba pia mianya wanamojificha. Kwa Ziwa Nyasa tuongeze jambo moja zaidi: lina kina cha mita 706 hivi, na chini ya mita 250 hakuna oksijeni, kwa hiyo uhai wote wa samaki uko katika tabaka la juu na kandokando. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Shire, kule Malawi. Maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Jua huchukua maji, halichukui tope.

Tope hilo latoka wapi? Mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Nyasa ni Ruhuhu, unaofika ziwani kati ya Manda na Lituhi. Bonde la Ruhuhu ndilo hili letu. Mvua inayonyesha juu ya makaa ya Ngaka, juu ya barabara inayopitisha malori, na juu ya shamba la mwalimu mkuu, inaelekea huko. Yule mbasa anayependwa sana mezani hupanda mito hiyo kutoka ziwani ili atage kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai hayapati hewa.

Mtaniambia kwamba tatizo la ziwa ni uvuvi haramu. Sikatai. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilieleza mwaka 2019 kwamba asilimia 9 ya aina za samaki zilizochunguzwa katika ziwa hili ziko hatarini kutoweka, na aina tatu kati ya nne za chambo zimo katika hatari kubwa kabisa. Chambo amemalizwa na nyavu, hapana ubishi, na vikundi vya wavuvi vinavyolinda rasilimali za uvuvi vistahili kuungwa mkono. Lakini nasema wazi kwamba sisi watumishi tumezoea mno kumlaumu mvuvi. Kokoro ni rahisi kulikamata. Unalichoma hadharani, unapigwa picha. Nani amewahi kupigwa picha akikamata tope?

Ajabu ni kwamba dawa ya tope ilibuniwa katika wilaya hii hii, kabla hajafika bwana shamba yeyote. Nazungumzia ngoro. Wamatengo, waliosongamana milimani katika karne ya 19 wakati wa vita vya Wangoni, walilazimika kulima miteremko mikali ambayo mgeni angesema hailimiki. Wanaume walifyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana kama miraba. Wanawake wakachimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi hizo. Yakabaki mashimo upande mzima wa mlima, na matuta yenye mboji ndani yake. Maharage hupandwa, kisha mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea maji yake na tope lake, wala mlima hauteremki. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikaa katika vijiji kama Kindimba wakijifunza elimu hiyo. Wajapani walivuka bahari kuja kuitazama, na mtoto wa Mbinga anaionea haya.

Sidai kwamba ngoro ni kazi nyepesi. Ni kazi nzito mno, na uzito wake mkubwa umewaelemea kina mama. Vijana wanaohamia mabondeni na kufungua mashamba mapya ya tambarare hawaichimbi, na sababu zao zaeleweka. Lakini shamba jipya lililofyekwa hadi ukingoni mwa kijito ni jambo jingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Ndugu watumishi, ni wangapi kati yetu tunalima kandokando ya kijito? Swali hili sitaki lijibiwe kwa kunyoosha mikono.

Kuhusu makaa ya mawe, mimi si miongoni mwa wanaotaka yaachwe ardhini ati kwa sababu ya samaki. Viwanda vyetu vinayahitaji, na vijana wa hapa wamepata ajira. Ninachotaka kiulizwe, katika kila kikao ambacho mtumishi wa kata ana kiti, ni jambo dogo: maji ya mvua yanayopita kwenye marundo na kwenye mitaro ya barabara yanakwenda wapi, na je, yanatuama mahali kwanza yakaacha tope lake, au yanaingia mtoni moja kwa moja? Miamba inayofuatana na makaa huweza kuwa na salfa, nayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi. Kupima maji si uadui kwa mwekezaji. Ni kazi ya kawaida ya ofisi, kama kuhesabu wanafunzi asubuhi.

Majirani zetu hawakulala. Malawi ilianzisha hifadhi ya taifa ndani ya ziwa mwaka 1980, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Msumbiji ilitangaza hifadhi upande wake mwaka 2011. Yote ni mema. Lakini mpaka wa hifadhi uliochorwa majini hauzuii mto kuteremka. Jiwe la Puulu au la kisiwa cha Lundo linaweza kuwa na askari mchana na usiku, na bado likafunikwa kutokea juu, kutoka shamba ambalo askari huyo hatalikanyaga kamwe.

Ombi langu kwa walimu ni hili, nalo halihitaji fedha. Kila Jumatatu katika msimu wa mvua, wanafunzi wawili wachote maji ya mto katika chupa nyeupe ya plastiki ya lita moja, mahali palepale kila mara, wakiwa na mtu mzima. Chupa iandikwe tarehe, iwekwe dirishani darasani, iachwe itulie siku tatu. Kisha wapime kwa rula urefu wa tope lililokaa chini na waandike katika daftari. Shule moja ichote juu ya mashamba na nyingine chini yake. Moja kabla ya barabara na nyingine baada yake. Mwisho wa msimu daftari hilo lifike kwa Afisa Mtendaji wa Kata, na nakala yake iende kwa shule moja ya Lituhi, ambako mto humaliza safari, ili watoto wa kule nao waweke chupa zao dirishani na kulinganisha. Chupa ya kwanza ichotwe sasa, kabla mvua haijaanza, maji yakingali meupe.