Kompyuta Iliyogoma Baada ya Diski Kufungwa kwa Fiche



Hapa Ganjoni, Mombasa, hatua chache kutoka bandari ya Kilindini, afisi ya wakala wa forodha hubeba nakala za pasipoti, PIN za kodi na ankara za watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautaja usimbaji fiche miongoni mwa kinga za taarifa kama hizo. Basi afisi inawasha BitLocker, usimbaji fiche wa diski ulio ndani ya Windows, na siku moja kompyuta inagoma.

Kwa mteja kila kitu ni "haiwaki". Sisi mafundi tuulize: haiwaki vipi? Skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo, bila hata nembo ya kiwanda, fiche haijafikiwa bado; kagua umeme, RAM na kioo. Skrini ya buluu inayodai tarakimu 48 ni habari nyingine. Hapo mara nyingi mashine ni nzima, nayo inafanya kazi iliyoagizwa.

Chipu ya TPM kwenye ubao mama huyapima mazingira ya kuwasha. Yakilingana na ya jana, inatoa ufunguo, yakibadilika, inauzuia. Kwa hiyo tafuta kilichobadilika. Je, BIOS imesasishwa? Kuna aliyezima Secure Boot ili awashe kwa flashi? Ubao ukibadilishwa, chipu ya zamani imeondoka nao. Zipo pia kompyuta za mezani zinazodai ufunguo kila stima ikipotea. Lawama huiendea BitLocker, kumbe betri ya CR2032 imekufa na mipangilio ya BIOS imerudi ya kiwandani. Na ikisema haioni diski ya kuwashia, angalia kama UEFI imegeuka Legacy, au AHCI imegeuka RAID, kabla ya kugusa kingine.

Ufunguo wenyewe huwa kwenye akaunti ya Microsoft, kwenye seva ya afisi, kwenye flashi au karatasini. Linganisha herufi na tarakimu nane za kwanza za kitambulisho cha ufunguo kwenye skrini na zile zilizohifadhiwa, kwani akaunti moja yaweza kuwa na funguo kadhaa. Kila fungu la tarakimu sita hugawanyika kwa 11, ndiyo maana mashine hulikataa fungu lililokosewa papo hapo.

Hapa nina neno kwetu mafundi tunaouza kompyuta pia. Windows 11 toleo la 24H2, ikisakinishwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida huwasha usimbaji yenyewe. Fundi akitayarisha laptopu ya ex-UK kwa barua pepe yake ili amalize haraka, ufunguo unakwenda kwake. Mnunuzi hajui kama diski imefungwa, na fundi amekwisha kusahau. Miezi baadaye, hati za mnunuzi zinategemea nywila ya mtu aliyekutana naye mara moja dukani. Tuiache tabia hii.

Bila ufunguo, na mazingira ya kuwasha yasiporudi kama yalivyokuwa, hakuna mlango wa nyuma. Anayedai anaweza kuivunja AES, fiche ya BitLocker, kwa malipo ya awali ni tapeli; kilichobaki ni kufomati na kurejesha nakala rudufu, na mteja aambiwe hivyo kabla diski haijafutwa.

Ufunguo ukipatikana, nakili kwanza faili kwenye diski ya nje. Kisha sitisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C: na uuwashe tena kwa -enable, ili chipu ipime upya. Ulinzi usitishwe vivyo hivyo kabla ya kusasisha BIOS.

Kuhusu mahali pa kuweka funguo, tukumbuke tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani. Zilizosimbwa zilidai ufunguo mmoja mmoja, na waliohifadhi funguo kwenye seva zilizoanguka nazo walikwama zaidi. Napendekeza kila afisi ichapishe funguo zake, na karatasi ikae kwenye kasha la chuma pamoja na mihuri, iandikwe namba ya mashine na jina la anayeruhusiwa kuitoa.