"Bure" ya Mtandaoni na Bando la Mwalimu

 

Tumeombwa tueleze kwa nini bajeti ya shule zetu haina fungu la leseni za programu. Hatulihitaji. Mwalimu anayeandaa somo la kuonyesha kwa projekta anaweza kutumia Google Slides bila malipo, akiwa na akaunti tu. Canva nayo huwapa walimu wa msingi na sekondari huduma yake ya elimu bure, wakishathibitisha kuwa ni walimu.

Lakini "bure" hii inakula bando, na bando hutoka mfukoni mwa mwalimu. Hapo ndipo tunaomba mtuelewe. Mahali ambapo mtandao unasuasua, sisi tunapendelea LibreOffice Impress: inapakuliwa mara moja, inabebwa kwa flashi hadi kompyuta nyingine, na inafanya kazi bila intaneti. (Wapo watakaokumbuka Jambo OpenOffice ya Kiswahili ya mwaka 2004, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Impress ni ya ukoo huo huo.) Hata kazi iliyofanyika Google Slides ihifadhiwe kama PDF kabla ya kipindi, maana mtandao hausubiri kengele.

Ombi letu ni fungu dogo la bando kwa kila shule, lisimamiwe na mwalimu mkuu na kukaguliwa na kamati ya usharika. Flashi nazo ziwe mali ya shule, ziandikwe kwenye daftari la vifaa.