Kambi za Ziwa Nyasa: Choo Kwanza, Hema Baadaye



Barabara ya lami imeisogeza Mbamba Bay karibu nasi. Mtu huondoka Songea asubuhi, akapita Mbinga, na kabla ya jua kutua amekwisha kusimamisha hema ufukweni. Wengine huja na magari yenye vitanda na jiko ndani. Safari hizi ni neema: wenzetu wa Wilaya ya Nyasa huuza samaki, na vijana wao hupata ujira wa ulinzi.

Lakini maji anayoogea mgeni ndiyo anayochota mwenyeji. Mayai ya kichocho huingia ziwani kwa mkojo na kinyesi. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wa maji, kisha humwingia binadamu kupitia ngozi. Kambi isiyo na choo humdhuru mwenyeji na mgeni pia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Basi, kabla ya kulipia usiku mmoja, tuulize choo kiko wapi. Kama hakipo, tusilale hapo. Maji machafu ya magari yasimwagwe ufukweni, na taka zetu turudi nazo.

Sisi tutaondoka Jumapili jioni. Wenyeji watateka maji Jumatatu alfajiri.