Mpiga Litungu wa Guta



Urafiki wetu na yule mzee ulianza kwa pancha. Gari lilitukwamisha Guta, jua likizama katika Ghuba ya Speke, nasi tuna njaa. Yeye, Mkurya wa Tarime, alikuwa amefuata samaki mwaloni. Alitugawia sato na ugali wa muhogo, kisha akazigusa nyuzi nane za litungu lake. Hatukulala!

Kesho yake tulimwomba atukusanyie watu mkutanoni. Walifurika. Lakini tulipopanda jukwaani tulimkatiza wimbo katikati, na mwisho tukampa soda moja. Akauliza kwa upole: "Wanangu, na ninyi mmehutubu kwa soda?"

Tuliona haya. Siti binti Saad alitoka Fumba, hajui kusoma, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nasi, wasomi wa chuo cha ualimu, tulimfanya msanii kengele ya kuitia watu.

Tulichanga fedha, tukarudi mwaloni. Lori la samaki lilikwisha kumchukua. Bahasha yake ingali kwa katibu wetu. Ndugu wa Tarime, anayemfahamu atuambie.