Wajumbe Wachache, Sauti Ndogo

Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza Kenya 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi matano, kwa kadiri serikali ilivyokisia uwezo wa wazazi wao. Malalamiko hayakuchelewa: mtoto wa mama mboga akiwekwa kundi la wenye nacho, karo haimsubiri.

Viongozi wa wanafunzi wa vyuo mbalimbali walipotishia mgomo wa pamoja Septemba 2024, tayari ilikuwepo kamati ya serikali ya kuupitia mfumo huo, yenye wajumbe zaidi ya mia. Umati huo hata saa ya chai ungeibishania. Desemba, Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo.

Katika mvutano wote huo, miungano ya wanafunzi ilisikika kwa kelele kuliko kwa hoja. Sababu mojawapo ni sheria ya vyuo vikuu ya 2016, inayowaachia wajumbe wachache wa wanafunzi kuwachagua viongozi wa muungano wa kila chuo. Wachache ni rahisi kuhongwa, na kiongozi waliyemchagua akiitwa mezani, nyuma yake hakuna jeshi. Wabunge, rudisheni kura kwa kila mwanafunzi.