Kadi za Otlet na Senti za Kutafutia Majina

Mwaka 1895, hapa Brussels, Paul Otlet na Henri La Fontaine walianza kukusanya kadi. Kila moja, upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5, ilibeba maelezo ya chapisho moja tu, ikasimamishwa kwenye droo kwa kufuata nambari ya somo lake. Mwaka ulipokwisha zilikuwa 400,000. Baadaye zilipita milioni 15. Tangu 1896 mtu aliye mbali aliweza kuuliza kwa posta, akalipa ada, akatumiwa nakala za kadi zinazohusika, na kufikia 1912 maswali yalizidi 1,500 kwa mwaka. Tusiipite ada hiyo haraka: ilimlipa anayejibu kwa kazi ya kujibu. Lakini haikuweza kuilinda hazina yenyewe. Kabati zilikaa katika jumba la serikali, na mwaka 1934 serikali ikalifunga. Otlet alitaka kila jiji kubwa liwe na nakala yake. Paris, Washington na Rio de Janeiro zilipelekewa, na hakuna jiji lililopata zaidi ya kadi laki chache, maana kunakili na kusafirisha kulikuwa kazi nzito mno. Leo kunakili karibu ni bure. Gharama imehamia kwa mtunzaji, ambaye lazima awashe seva yake usiku na mchana ili ajibu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mfumo wa majina ya intaneti, ambao nao ni orodha ya kuulizwa na kujibu kama kadi za Otlet, humtoza mwenye jina kila mwaka na kumjibu muulizaji bure, hivyo fedha zote hupitia kwa msajili mmoja, naye akiagizwa kuzima, anazima. Mwanzoni mwa 2021, Uingereza ilipokwisha kutoka Umoja wa Ulaya, EURid, msajili wa majina ya .eu mwenye ofisi Diegem pembezoni mwa jiji hili, ilisimamisha majina yapatayo 80,000 ya wenyeji wa Uingereza. Ilitimiza sheria, silaumu. Ninachoonyesha ni kwamba palikuwa na swichi moja. Namecoin, mfumo mwingine wa majina ulioanza 2011, iliiondoa swichi hiyo kwa kuweka majina kwenye mnyororo wa vitalu, ila ada yake ikabaki ya kusajili. Watafiti walioikagua mwaka 2015 walikuta majina yapatayo 120,000, na 28 tu kati yake hayakuwa ya walanguzi na yalikuwa na maudhui ya maana. Anayelipia umiliki hulimbikiza. Afadhali tulipie jibu: kivinjari kifungue njia ya malipo na watunzaji kadhaa wa nakala, kila jibu ligharimu satoshi chache, yaani sehemu chache za milioni 100 za bitcoin moja, bila kila senti kuandikwa kwenye mnyororo. Jibu liwe na sahihi ya kidijitali ya mwenye jina, ili anayelipwa asiweze kudanganya.

Wapo watakaouliza: mwanafunzi wa Goma asiye na kitu atafanyaje? Swali ni la haki, na jawabu tunalo kwenye mfumo wa sasa, ambamo seva ya chuo huuliza mara moja, ikahifadhi jibu kwa muda uliowekwa na kuwagawia wote. Chuo kilipe, mwanafunzi asome. Pingamizi la faragha linanisumbua zaidi, kwa sababu malipo huacha nyayo, na orodha ya maswali ya mtu ni orodha ya mawazo yake. Sahihi pofu alizozibuni David Chaum mwaka 1982 humwezesha mlipwaji kuthibitisha fedha bila kumjua mlipaji. Bila kinga ya namna hiyo nisingeuunga mkono mpango huu. Kuhusu watu wawili wanaogombea jina moja, malipo hayaamui lolote. Mahakama itabaki na kazi yake.

Pa kuanzia ni maktaba za vyuo. Lubumbashi, Dar es Salaam na Leuven kila moja itunze nakala nzima ya orodha ya majina, iwajibu wanafunzi wake bure, na izitoze taasisi nyingine kwa kila jibu.