Hekalu Dogo Kati ya Majengo Marefu



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya hekalu na mji. Tutalitaja hekalu lisilo la dini yetu, tuliloliona Tokyo tulipokwenda kununua vipuri vya magari.

Linaitwa Koami, nalo ni la dini ya Shinto. Lipo Nihonbashi, si mbali na soko la hisa. Mapokeo yao yasema lilianzishwa mwaka 1466, wakati wa maradhi ya kuambukiza. Majengo yake ya mbao ni ya mwaka 1929, na yalisalimika mabomu ya 1945 yalipoteketeza sehemu kubwa ya mji. Uwanja ni mdogo mno. Maduka mengi ya jumla ya hapa kwetu yana nafasi zaidi. Limebanwa na majengo ya ofisi, na mgeni angelipita bila kuliona, lau si foleni ya watu iliyofika barabarani.

Tulisimama katika foleni hiyo pamoja na makarani waliokuwa katika mapumziko ya mchana. Hakuna aliyesukuma. (Tungefurahi kuona jambo hilo hapa siku ya Annakut.) Mtu huinama langoni, hunawa mikono, hutumbukiza sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama tena.

Lililotugusa zaidi lilikuwa kando, penye maji ya kuoshea fedha. Hapo anaheshimiwa Benzaiten, naye ndiye Saraswati Mata wetu. Alifika Japani kupitia China, pamoja na dini ya Buddha. Mkononi mwake veena ikawa biwa, kinanda cha huko, na Wajapani wakamkabidhi pia ulinzi wa mali. Sanamu yake ilikuwa katika hekalu la Kibuddha. Serikali ilipoamuru mwaka 1868 kwamba Shinto na Ubuddha vitenganishwe, ikaja kupata hifadhi hapa. Katika sanamu hiyo amepanda chombo cha baharini. Sisi ambao mababu zetu walivuka bahari kwa majahazi hatukuhitaji mfasiri.

Baadhi ya wenzetu wa safari walicheka kuona fedha zikioshwa. Sisi hatukucheka. Kila Diwali twaweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na Sharda, na Sharda ndiye huyo huyo Saraswati. Tukaosha yeni mia moja; sarafu hiyo imo katika sanduku la fedha dukani hadi leo.

Sasa, ndugu zetu, nyote mwalijua pendekezo la kuuza kiwanja hiki na kujenga nje ya mji. Fedha zilizotajwa ni nyingi, na shida ya maegesho ni ya kweli. Lakini wale makarani walikwenda kwa miguu, kwa sababu hekalu lipo walipo wao. Hapa nasi, mwenye duka hupita asubuhi, hugonga kengele, hupata darshan, na saa mbili amekwisha kufungua mlango. Tukihamia mbali atakuja Jumapili, halafu atakuja sikukuu.

Mkutano mkuu utaamua. Kura yetu ni ya kubaki, na paa linalovuja upande wa jikoni tuko tayari kulichangia kuanzia mwezi ujao.